Kelele za Umeme katika Redio ya Pikipiki

Fungueni madaftari. Leo tutajifunza kwa nini redio ya pikipiki hukoroma, na jinsi ya kuituliza.

Kwanza, tafuta chanzo. Pikipiki ikiwa imesimama, washa injini, kisha piga resi kidogo. Ukisikia ta-ta-ta inayoenda mbio pamoja na injini, hiyo ni cheche ya plagi. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka, hiyo hutoka katika mtambo unaochaji betri. Halafu chomoa chaja ya simu. Kelele ikikoma, chaja ndiyo yenye kosa, ibadili.

Sasa dawa. Kwa cheche, tumia plagi yenye kizuizi cha umeme ndani. Nyingi huandikwa herufi R. Kwa mluzi, peleka nyaya zote mbili za redio, chanya na hasi, moja kwa moja kwenye betri. Usifunge hasi kwenye fremu. Zisokote kama kamba, uzipitishe mbali na waya wa plagi.

Katika waya chanya, weka fyuzi karibu na betri. Waya ukichubuka na kugusa chuma, fyuzi itakatika kabla waya haujawaka moto.

Usiongeze sauti ili kufunika kelele. Dereva asiyesikia honi ya lori nyuma yake huhatarisha roho yake na ya abiria wake.

Swali la kujadili darasani: Fyuzi hukaa karibu na nini, na kwa sababu gani?