Jicho Nalo Husikia: Mchango wa Dominic Massaro katika Taaluma ya Usemi

Utangulizi

Nilipokuwa nikikusanya ngano kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nilimrekodi nyanya mmoja kwa kinasasauti huku mvua ikinyesha juu ya mabati. Nikiwa nimeketi mbele yake, sikutatizika kumwelewa. Nilipoketi kuinukuu kanda ile, nilikwama: je, ndege alimpa yatima "bawa" au "dawa"? Masikio yalikuwa yale yale. Kilichokosekana ni uso wa fanani. Makala haya yananuia kueleza kwa nini uso huo ulikuwa na uzito kiasi hicho, kwa kurejelea utafiti wa Dominic Massaro, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, nchini Marekani.

Chimbuko la suala

Aghalabu wanafunzi wa fonetiki hufunzwa matawi matatu: fonetiki matamshi, fonetiki akustika na fonetiki masikizi. Jicho halitajwi katika majina hayo. Hata hivyo, mwaka 1954 W. H. Sumby na Irwin Pollack walionyesha kwamba msikilizaji aliye katika kelele hutambua maneno mengi zaidi anapomwona msemaji. Mwaka 1976, Harry McGurk na John MacDonald wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature jaribio lililowashangaza wengi. Waliunganisha sauti ya "ba" na picha ya mtu anayetamka "ga". Watu wazima 98 katika kila 100 walisema wamesikia "da", ilhali hakuna aliyeitamka.

Sababu yake yaweza kuelezwa kwa fonetiki ya kawaida. /b/ ni kipasuo cha midomo, hivyo hakitamkiki bila midomo kufungwa. Jicho likiiona midomo i wazi, huipinga /b/. Sikio nalo halikubali /g/. Sauti inayopatana kwa kiasi na mashahidi wote wawili ni /d/, inayotamkiwa kwenye ufizi.

Kielelezo cha Massaro

Massaro alianza kwa kuchunguza kumbukumbu ya sauti na utambuzi wa herufi katika usomaji. Mwaka 1978, yeye na Gregg Oden walitoa kielelezo kisichodai jibu la ndiyo au la, bali kiwango kati ya 0 na 1. Kila chanzo cha habari hupimwa peke yake, viwango huzidishwa, kisha uamuzi hufanywa kwa kulinganisha matokeo.

Tuchukue mfano wa ngano yangu. Tuseme kwamba kwa sababu ya mvua, sikio linatoa 0.5 kwa "bawa" na 0.5 kwa "dawa". Jicho, lililoiona midomo ikifungwa, linatoa 0.9 kwa "bawa" na 0.1 kwa "dawa". Tukizidisha, "bawa" inapata 0.45 na "dawa" 0.05, yaani, "bawa" inachukua sehemu 9 katika 10. Funzo ni kwamba chanzo kimoja kinapokuwa na utata, kile kilicho wazi zaidi ndicho huamua.

Wapo waliopinga. Alvin Liberman wa Haskins Laboratories alishikilia kwamba usemi una utaratibu wake maalumu akilini. Massaro alijibu kwamba kanuni inayotuwezesha kutambua usemi ndiyo hiyo hiyo inayotumika katika utambuzi mwingine.

Uso wa kompyuta

Ili kuyapima haya, Massaro na Michael Cohen waliunda Baldi, uso wa kompyuta unaozungumza, ambao midomo yake yaweza kurekebishwa hatua kwa hatua kutoka "ba" hadi "da". Chombo hicho hakikubaki maabarani. Kilitumiwa kuwafundisha watoto viziwi katika shule ya Tucker-Maxon mjini Portland, Oregon. Ngozi yake yaweza kufanywa angavu ili mtoto auone ulimi ukifanya kazi, jambo ambalo mwalimu hawezi kulionyesha kwa kinywa chake mwenyewe. Aidha, mwaka 2003 Alexis Bosseler na Massaro waliripoti kwamba watoto wenye usonji walijifunza msamiati kwa msaada wake.

Hitimisho

Kiswahili chenyewe hakijalifungia neno "kusikia" ndani ya sikio: twasikia harufu, twasikia njaa, twasikia baridi. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, utafiti huu una onyo. Kanda ya sauti pekee ni shahidi mmoja kati ya wawili, na anayeitegemea huenda akaandika neno ambalo fanani hakulitamka. Inapowezekana, na turekodi picha pia.

Nami nilimrudia yule nyanya, nikamwomba alirudie tukio lile. Safari hii niliitazama midomo yake, nayo ilifungwa: ndege alimpa yatima bawa. Katika rasimu ya tasnifu yangu nilikuwa nimekwisha andika "dawa", pamoja na kurasa mbili za uchambuzi kuhusu uganga.