Dar es Salaam Katika Safu Tatu

Je, wajua kwamba lahajedwali linaweza kulikata jina la jiji zima vipande vitatu? Dar safu ya kwanza, es ya pili, Salaam ya tatu. Wala halijakosea. Limetii agizo lililopewa: kata kila penye nafasi.

Agizo hilo, ambalo katika Excel huitwa Text to Columns, limewaokoa makarani wengi. Orodha ya wanachama 800 wa ushirika, kila seli ikiwa imebeba "Asha Juma, Tanga, mwalimu", haipangiki kwa mji wala kwa kazi mpaka mambo hayo matatu yakae mbalimbali. Programu hupita herufi moja moja. Ikikuta kitenganishi ilichotajiwa, kiwe koma, nuktamkato au nafasi, hufunga kipande na kuanza kingine katika safu ya kulia. Wazoefu huingiza kwanza safu tupu upande huo, kwa kuwa vipande vipya hufuta kilichokuwapo.

Majina ndiyo mtihani wenyewe. "Asha Juma" hutoa safu mbili, "Asha Juma Mbwana" tatu, na katika "Salim bin Said" neno bin hukalia nafasi ya jina la baba. Safu ya tatu hapo huwa na jina la babu kwa mmoja, la baba kwa mwingine, na kwa mwingine haina kitu. Orodha ya namna hiyo inahitaji macho ya mtu anayejua majina ya watu wake.

Koma ilianza kazi hii zamani. Mwaka 1972 programu ya Fortran ya IBM ilikuwa tayari inapokea data iliyotenganishwa kwa koma, miaka 7 kabla ya VisiCalc, lahajedwali la kwanza la kompyuta binafsi. La kushangaza ni kwamba msimbo wa herufi wa ASCII una alama nne, namba 28 hadi 31, zilizotengwa kwa kutenganisha data tu. Hazina kibonye chao kwenye kibodi wala umbo la kuonekana karatasini, na watu wakaziacha. Koma ikashika nafasi pamoja na udhaifu wake wa kutumika pia ndani ya maneno ya kawaida. Ndiyo maana waraka wa RFC 4180 wa mwaka 2005 unaagiza kipande chenye koma ndani kifungwe kwa alama za kunukuu. Nchini Kongo, kwa desturi ya Kifaransa, koma huandika desimali: 3,5 ni tatu na nusu. Kompyuta iliyopangwa hivyo hutarajia nuktamkato, na faili la koma lililotoka Nairobi hufunguka likiwa limerundikana katika safu moja.

Hasara kubwa hutokea baada ya kukata, Excel inapokisia kila kipande ni cha aina gani. Namba ya simu hupoteza sifuri ya mwanzo. Jeni iliyoitwa SEPT2 iligeuzwa tarehe 2 Septemba, na utafiti wa mwaka 2016 ulikuta makosa ya aina hii katika takriban makala moja kati ya tano za kisayansi zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel. Wanasayansi wakaona afadhali wabadili jina: leo jeni hiyo ni SEPTIN2.

Kwa karani wa Tanzania, mtego ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu za namba yoyote. Namba ikiandikwa bila vistari, tano za mwisho hugeuka sifuri. Dawa ipo katika hatua ya tatu ya Text to Columns: kuichagua safu hiyo na kuitia alama ya Text kabla ya kubonyeza Finish. Kuibadili baadaye hakurudishi tarakimu zilizopotea. Itabidi faili la awali lifunguliwe upya, kama bado lipo.