Kipanya cha kompyuta kikikataa kutambuliwa, tuanzie wapi?



Wengi wetu katika ofisi za parokia tunategemea kompyuta moja tu, tena ya zamani, pamoja na kipanya kimoja, ambacho wengine wanakiita suri. Siku kikikataa, kazi yote inasimama. Kwetu ilitokea mwisho wa trimesta. Karani alikuwa anamalizia ripoti ya fedha, mara kimshale kikaganda katikati ya kioo. Mmoja wetu akatoa shauri la haraka: "Chomoa waya wa umeme, kisha uwashe tena." Tukafanya hivyo. Kompyuta ikawaka, kipanya hakikuamka, na kazi ya asubuhi nzima ikawa imepotea, kwa kuwa haikuwa imehifadhiwa. Fundi tuliyemwita akasema kadi mama imeungua, akaomba dola 60. Kumbe kadi mama ilikuwa nzima.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kusahau kwamba kibodi (klavye) ilikuwa bado inafanya kazi. Kipanya kikifa, hati iliyofunguka haijafa. Bonyeza Ctrl na S pamoja, kazi inahifadhiwa. Alt na F4 zinafunga dirisha. Alt na Tab zinakupeleka dirisha lingine. Ukiisha kufunga yote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na D, kisha Alt na F4: utaulizwa kama unataka kuzima au kuwasha upya. Chagua kwa vitufe vya mishale, kisha Entrée. Katika shule ya teolojia tulifundishwa Kigiriki. Hayo hatukufundishwa, na siku ile yangetufaa zaidi.

Kazi ikiisha kuwa salama, ndipo tunatafuta ugonjwa. Hapa inafaa kujua kipanya kinavyojitambulisha. Ndani ya waya wa kipanya cha USB mna nyuzi 4: mbili zinaleta umeme wa volti 5, mbili zinapitisha habari. Ukichomeka, kipanya kinapata umeme, kisha kinaitajia kompyuta namba ya kiwanda chake na namba ya aina yake. Kompyuta inatafuta programu ndogo ya kukiongoza, na kimshale kinaanza kutembea.

Basi angalieni dalili. Kama taa ya chini haiwaki na kompyuta haisemi neno, huenda umeme haukifikii: tundu limekufa, au uzi wa umeme umekatika. (Tuangalie vizuri, maana viko vipanya ambavyo mwanga wake hauonekani kwa macho.) Lakini kama taa inawaka, na kioo kinaandika "Périphérique USB non reconnu", umeme umefika, mazungumzo ndiyo yameshindikana. Mara nyingi uzi wa habari umekatika pale waya unapokunjwa kila siku, karibu na kipanya chenyewe au karibu na kichwa cha kuchomeka. Kunja waya hapo polepole: kimshale kikishtuka kisha kikafa tena, umepata jibu.

Njia iliyo bora kuliko zote haihitaji pesa: kubadilishana. Peleka kipanya kwenye kompyuta ya jirani. Kikifanya kazi huko, kipanya hakina kosa. Kisha chomeka kipanya cha jirani kwenye kompyuta yako, katika tundu lile lile, halafu katika lingine. Hivyo ndivyo tulivyogundua shida yetu. Tundu la mbele lilikuwa limekufa. Ya nyuma yote yalikuwa mazima. Matundu ya mbele yanaunganishwa kwa waya mdogo wa ndani, nayo ndiyo yanayochomekwa flashi na simu kutwa nzima. Ya nyuma yamekaa juu ya kadi mama yenyewe. Kama unatumia kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake, kiondoe kwanza, kwa sababu vyote vilivyomo vinagawana umeme wa tundu moja.

Kipanya kisicho na waya kina mambo yake: betri, swichi ya chini ambayo mtoto ameigusa, na kipokezi kidogo kilichobaki katika mfuko wa mtu aliyekwenda safari.

Kama kipanya na tundu ni vizima, ugonjwa uko katika programu. Washa upya kwa "Redémarrer". Watu wengi hawajui kwamba tangu Windows 8, kompyuta nyingi zikizimwa hazizimiki kabisa. Zinatunza sehemu ya kumbukumbu ili ziwake haraka, na kosa linaweza kubaki humo. "Redémarrer" inaanza upya kweli. Ikishindikana, bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc, kisha Entrée. Shuka kwa mishale hadi "Souris et autres périphériques de pointage", fungua kwa mshale wa kulia, chagua kipanya, bonyeza Suppr, ukubali, halafu uwashe upya: Windows itakisimika tena yenyewe.

Na kama kipanya kinakufa kila mkiacha kompyuta kwa muda, humo humo katika orodha fungueni matundu ya USB ("Concentrateur USB racine"), sehemu ya "Gestion de l'alimentation", mkaondoe alama inayoruhusu kompyuta kuyazima ili kubana umeme.

Kompyuta za zamani zenye tundu la duara la kijani ni habari nyingine. Zizimeni kabla ya kuchomeka, maana kile kipanya kinatambuliwa wakati wa kuwaka tu.

Siku hizi karani wetu amebandika karatasi ya vitufe ukutani, na ndani ya sanduku mna kipanya cha pili chenye waya. Tundu la mbele tumeliziba kwa karatasi ya gundi, ili mgeni asihangaike nalo.