Mficha Maradhi: Yajue Maumivu ya Katikati ya Mwezi

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Methali hii tumeiandika katika insha zetu mara nyingi, lakini mimi sikuielewa vizuri mpaka muhula wa pili mwaka jana.

Mimi nina maumivu ambayo huja katikati ya mwezi. Si wakati wa hedhi, la hasha! Huja kama wiki mbili kabla yake, chini ya kitovu, upande mmoja tu, mara kushoto mara kulia. Hukaa saa chache kisha hutoweka. Yaliponianza nikiwa kidato cha kwanza, bweni zima lilinong'ona. Wengine ati nina mimba, wengine ati nakwepa somo la hesabu. Ni matroni aliyeniita kando akaniambia, "Mwanangu, hilo ni yai linatoka. Tafuta kalenda uwe unaweka alama." Nikaweka alama, na mambo yakawa vile alivyosema. Tangu siku hiyo nikajifanya daktari wa bweni.

Basi mwaka jana mwenzangu wa kitanda cha chini alishikwa na tumbo wakati wa prepu. Lilimwuma kwenye kitovu, baadaye likahamia upande wa kulia. Chakula akakikataa. Nikamwambia kwa ujasiri, "Wacha wasiwasi, ni kama yale yangu. Kesho utakuwa sawa." Kulipopambazuka hakuweza kusimama wima. Alikimbizwa hospitalini na kupasuliwa siku hiyo hiyo. Kumbe kilikuwa kidole tumbo, ambacho wengi wetu tunakiita apendiksi! Alipona, akarudi darasani, wala hakunilaumu. Ni mimi niliyejilaumu. Nilijua nusu ya jambo nikaitoa kama jambo zima. Leo naandika nusu zote mbili.

Maumivu haya yanatoka wapi?

Msichana ana ovari mbili, moja kila upande wa mji wa mimba. Kwa kawaida kila mwezi kifuko kidogo chenye maji hukua ndani ya ovari moja, na yai limo ndani yake. Kikikomaa hufikia kama sentimita 2, karibu upana wa kidole gumba. Kisha hupasuka, yai likatoka na kuingia katika mrija unaolipeleka kwenye mji wa mimba.

Kifuko kinapokua, ngozi ya ovari huvutika. Kinapopasuka, maji na pengine damu kidogo humwagika na kuuchokoza utando ulio ndani ya tumbo. Hapo ndipo mtu huhisi kuvutwa au kuchomwa upande mmoja. Mwezi mwingine huenda ovari ya pili ndiyo inayotoa yai, nayo maumivu yakahamia upande wa pili. Wengine huona tone au matone mawili ya damu, au ute mwepesi unaoteleza kama ute wa yai bichi. Wajerumani waliyaita maumivu haya Mittelschmerz, yaani maumivu ya katikati, na madaktari wa nchi nyingi wanalitumia jina hilo mpaka leo. Wasichana wengi hawayasikii kamwe, na kutoyasikia pia si ugonjwa.

Tuhesabu pamoja

Mwaka 1924 daktari Mjapani, Kyusaku Ogino, alichapisha ugunduzi wake kwamba yai hutoka kati ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa hivyo hatuhesabu kwenda mbele, tunahesabu kurudi nyuma. Tuseme hedhi yako ilianza tarehe 3 Mei na nyingine ikaanza tarehe 31 Mei. Ukirudi nyuma siku 14 utafika tarehe 17 Mei. Kama uliumwa karibu na siku hiyo, hesabu inakubaliana na mwili. Mwingine mzunguko wake ni mrefu: hedhi ilianza tarehe 1 Juni, nyingine tarehe 5 Julai. Siku yake itakuwa karibu na tarehe 21 Juni, ambayo si katikati kamili. Ndiyo maana hatuwezi kupimana kwa kalenda ya jirani.

Tahadhari kabla ya hatari! Hesabu hii ni ya kuelewa maumivu, si ya kujikinga na mimba. Katika umri wetu mzunguko waweza kuwa wa siku 21 au hata 45, na hubadilika bila kupiga hodi.

Tabia za maumivu haya

Maumivu ya katikati yana tabia zake. Huja wakati wake, upande mmoja, hukaa dakika chache mpaka siku moja au mbili, kisha huondoka yenyewe. Hayaleti homa. Hayamzuii mtu kutembea. Maji ya moto katika chupa iliyofungwa kwa kitambaa husaidia, na matroni anaweza kukupa parasetamoli. Kama yanarudi kila mwezi na kukutoa darasani, mwone muuguzi au daktari hata kama unayajua, kwa maana kuna matibabu.

Lini twende hospitalini?

Jambo la kushika ni hili: maumivu yakivunja tabia yake, sema siku hiyo hiyo. Usingoje asubuhi. Angalia dalili hizi:

(i) Uchungu ulioanzia kitovuni ukahamia chini kulia, ukizidi kila saa, huku huna hamu ya kula, unatapika au una homa. Hicho chaweza kuwa kidole tumbo. Kikipasuka, usaha huenea tumboni na maisha yakawa hatarini.

(ii) Uchungu mkali wa ghafla upande mmoja pamoja na kutapika. Pengine ovari imejisokota na damu haipiti. Ikicheleweshwa, ovari yaweza kufa.

(iii) Hedhi imechelewa, tumbo linauma, damu inatoka, kizunguzungu au kuzirai. Hili tuliseme bila kupepesa macho: yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Mrija ukipasuka, damu humwagikia ndani bila mtu kuiona. Anayeficha kwa kuogopa aibu anaweza kupoteza uhai.

(iv) Homa pamoja na uchafu wenye harufu mbaya ukeni, au uchungu na kuwashwa unapokojoa. Haya ni maambukizi na yana dawa. Yakiachwa yanaweza kuharibu mirija ya uzazi au kupanda mpaka kwenye figo.

(v) Maumivu yaliyopita siku mbili au tatu, yasiyosikia dawa, au yanayozidi mwezi baada ya mwezi.

Dalili tatu za kwanza ni za haraka sana. Huenda mtu akahitaji upasuaji, basi apelekwe moja kwa moja hospitali kubwa kama Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira au ile ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Nanyi mnaijua mvua yetu ya Ikonge: usiku ukiingia na barabara ikilowa, kupata gari si mchezo. Msichana aliyesema saa kumi jioni ana nafasi kuliko aliyengoja saa sita usiku.

Ukifika kwa daktari atakuuliza hedhi yako ya mwisho ilianza lini. Wengi wetu huanza kuhesabu vidole na kukisia. Ukiwa na kalenda yako, utajibu mara moja: tarehe, upande, saa na dalili zilizoandamana. Pia atauliza kama unaweza kuwa na mimba. Mjibu ukweli. Hakuulizi ili akuhukumu, anatafuta njia ya kukutibu.

Neno kwa wavulana na walimu

Ndugu zetu wavulana, msiruke ukurasa huu mkicheka. Mna dada na mama nyumbani, na kesho mtakuwa na binti. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili serikali itoe sodo bure kwa wasichana shuleni. Lakini sodo haimfundishi mtu kusema anapoumwa. Kinachomnyamazisha ni kicheko chetu na minong'ono ya bweni. Walimu wetu waheshimiwa, tunawaomba msichana akisema anaumwa, aulizwe kwanza anaumwa wapi na tangu lini, ndipo aulizwe habari za hesabu.

Nami nimeacha udaktari wa bweni. Siku hizi mtu akiniambia tumbo linamwuma namwuliza maswali machache, kisha namshika mkono tunaenda kwa matroni. Kama ni yai, tutarudi tukilala. Kama si yai, tutakuwa tumewahi.

Natia nanga hapa. Kuuliza si ujinga.