Farasi wa Kisangani

Farasi hatuna hapa Kisangani. Mbung'o wa msituni wanaleta ugonjwa unaomuua. Farasi wetu ilikuwa toleka, ile baiskeli ya kubeba watu. Kwa Lingala maana yake "tupite".

Kaka yangu aliipenda yake sana. Jioni anaifuta, anaipaka mafuta, usiku analala nayo ndani. Ndiyo ilitulisha sisi wote.

Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita humu mjini. Tulilala sakafuni. Mama alisoma Zaburi ya 20, inayotaja wanaotegemea farasi. Nje jirani analia, ameumia mguu.

"Wataninyang'anya kinga yangu," kaka akasema. Halafu akampandisha, akaenda naye hospitali.

Alirudi kwa miguu. Jirani angali anachechemea, lakini yupo.