Utamu wa togwa uko kwenye kimea, si kwenye sukari

Msimu wa kuvuna mpunga ukifika Chita, kazi ya jikoni huanza kabla ya kazi ya shambani. Wavunaji huondoka na mundu zao alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi, jua la bonde la Kilombero likiwa limeshakuwa kali, kila mmoja huangalia ndoo ya togwa inatokea njia gani. Ndoo hiyo ni chai, ni chakula, na ni heshima ya nyumba iliyowaalika. Togwa ikiwa nzuri, mama mwenye shamba husifiwa hadi mwisho wa msimu. Ikiwa mbaya, hakuna atakayesema kitu, lakini ndoo itarudi nyumbani ikiwa nusu.

Tatizo lenyewe linafahamika. Unga ni uleule, sufuria ni ileile, mpishi ni yuleyule. Leo togwa imetoka laini na tamu, na wiki ijayo inatoka nzito kama gundi, chachu isiyo na ladha. Dawa ya haraka ni sukari. Anayetengeneza kwa ajili ya familia huona bajeti ya nyumba ikipungua, na anayeuza kwa kikombe huona faida ya siku nzima imeishia dukani.

Mazungumzo kama haya si mageni jikoni:

"Mama, nimetia kimea chote cha pakiti. Mbona hailegei?"

"Ulikitia lini, mwanangu?"

"Ulipokuwa unachemka, ili kichanganyike vizuri."

"Basi umekipika. Kimea kikipikwa kinakufa, kinabaki unga tu."

Jibu la mama mkwe huyo limebeba siri nzima. Togwa haihitaji sukari ya dukani. Ina sukari yake ndani ya unga, na kazi ya kuitoa ni ya kimea.

Kimea hufanya nini

Unga wa mahindi, mtama au chenga za mchele umejaa wanga. Wanga ni minyororo mirefu ya sukari iliyofungamana, ndiyo maana uji huwa mzito bila kuwa mtamu. Punje ya nafaka inapoanza kuota hutengeneza vimeng'enya vya kukata minyororo hiyo ili chipukizi kipate chakula. Ukiikausha punje hiyo kwa wakati wake na kuisaga, vimeng'enya hubaki hai ndani ya unga vikingoja maji na joto. Ukivitia kwenye uji wenye joto linalofaa, hukata wanga wa sufuria nzima. Uji mzito hulegea ukiwa unautazama, na utamu huanza kusikika ulimini.

Kiwanda cha bia nacho huanzia hapohapo. Huko nafaka kuu ni shayiri, nayo hulowekwa, huoteshwa na kukaushwa. Komoni inayopikwa mikoa ya kusini na mbege ya Kilimanjaro hutegemea kimea cha ulezi. Togwa hutumia njia ileile, ila husimama mapema, kabla kileo hakijashika.

Kimea cha pakiti kimerahisisha maisha, lakini mnunuzi hajui kimesagwa lini wala kimekaushwaje. Kijaribu kabla hujakiamini. Weka uji mzito wenye moto wa wastani kwenye nusu kikombe, tia kijiko kidogo cha kimea, kisha koroga. Kimea kizuri hulegeza uji ndani ya dakika chache. Ukipita robo saa na kijiko bado kinasimama, kimea hicho kimechoka. Hata ukiongeza maradufu hakitafanya kazi ya kimea kipya.

Kuotesha nyumbani

Ulezi ndio unaopendwa zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa kimea chake kina nguvu na harufu nzuri. Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga, na ulezi wa sokoni mara nyingi hutoka nyanda za juu, huko ambako reli ya TAZARA hupanda ikishaiacha Mlimba kuelekea Makambako. Nunua ulezi wa chakula. Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ni sumu na hazifai kabisa.

Pepeta, osha hadi maji yawe maangavu, na mwaga punje zinazoelea. Loweka usiku kucha, ukibadilisha maji angalau mara moja, maana kwa joto la Chita maji huharibika upesi. Asubuhi chuja, kisha tandaza ulezi kwenye kitambaa au gunia safi lenye unyevu, unene usiozidi vidole viwili, na ufunike. Nyunyizia maji kidogo asubuhi na jioni, na ugeuze kwa mkono safi ili katikati pasipate joto kupita kiasi.

Siku ya pili au ya tatu utaona vijizizi vyeupe. Vikifikia urefu wa punje yenyewe au vikizidi kidogo, simamisha kazi. Ukiacha ziendelee kuota, chipukizi litakula sukari uliyotaka iingie kwenye togwa.

Wanaotumia mtama wawe waangalifu zaidi. Chipukizi na mizizi ya mtama hubeba kiasi cha sumu ya sayanaidi. Mtama ulioota lazima ukaushwe vizuri, usuguliwe mikononi hadi vijizizi na chipukizi vyote vikatike, kisha upepetwe kabla ya kusagwa. Kwa chakula cha mtoto, ulezi ni salama zaidi.

Kukausha ndiko kwenye hatari

Hapa ndipo kimea kingi huharibikia, hasa masika, mvua inapolinyeshea bonde mfululizo na Milima ya Udzungwa ikashinda imefunikwa na mawingu. Nafaka iliyoota na kukosa jua huota ukungu. Baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, sumu inayodhuru ini na ambayo haiishi kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka zilizokuwa na sumu hiyo.

Kwa hiyo kimea cha mwaka hutengenezwa kiangazi. Anika juu ya chanja au mkeka safi, si juu ya ardhi tupu, kwa tabaka jembamba, kwa siku mbili za jua kali. Punje iliyokauka huvunjika ukiiuma na hainati. Hifadhi ikiwa nzima kwenye kopo kavu lenye mfuniko, na usage kiasi cha wiki mbili au tatu tu. Mvua ikikukuta katikati ya kazi, malizia juu ya uchanja wa jikoni, mbali na moto mkali. Ukiona madoa ya kijani au meusi, au ukinusa harufu ya uvundo, tupa. Usiwape hata kuku. Hasara ya kilo mbili za ulezi ni ndogo kuliko hasara ya afya.

Joto la uji

Vimeng'enya vya kimea hupenda joto la karibu nyuzi 65 za Sentigredi. Uji unaochemka huviua. Uji wa vuguvugu huvichelewesha, na chachu huwahi kuja kabla ya utamu. Nyumba nyingi hazina kipimajoto, lakini maji yanaweza kupima badala yake.

Kwa kilo 1 ya unga, pika uji mzito sana kwa lita 5 za maji. Uchemke dakika 20 huku ukikoroga, na maji yatapungua kidogo. Epua, kisha mimina lita 3 na nusu za maji yaliyochemshwa jana yake na kupoa, ukoroge hadi uji ulingane. Mchanganyiko huo utakuwa karibu kabisa na joto linalotakiwa. Sasa tia kimea, gramu 100 hivi, yaani kama kikombe kimoja kidogo. Koroga, funika sufuria, ifunge kwa blanketi kuukuu, na uiache saa moja.

Ukifungua, uji utakuwa umelegea na kuwa mtamu. Urudishe motoni uchemke dakika 10, maana kimea kibichi hubeba vijidudu vingi kutoka kwenye kuoteshwa. Ukishapoa na kubaki vuguvugu, tia kata moja ya togwa nzuri ya jana, kisha funika hadi kesho yake. Bakteria wa maziwa ndio watakaoichachusha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walioichunguza togwa waliwakuta bakteria hao pamoja na hamira za asili. Asidi wanayoitoa ndiyo inayoleta uchachu mtamu na kuwazuia vijidudu wengi wa kuharisha wasistawi.

Harufu na uchungu

Aliyekwisha kupata togwa isiyomwangusha anaweza kuanza kuipamba. Njia ya kwanza ni kukaanga. Chukua kijiko kimoja au viwili vya kimea cha ziada, ukikaange kwenye kikaango kikavu hadi kiwe cha kahawia na kinukie kama karanga. Kiloweke kwenye kikombe cha maji moto kwa nusu saa, chuja, na utie yale maji kwenye uji unaporudi motoni. Kimea kilichokaangwa hakina tena nguvu ya kulegeza, hivyo kisipunguze zile gramu 100. Kazi yake ni rangi na harufu.

Njia ya pili ni viungo. Mchaichai uliochemshwa kwenye yale maji ya kupoza, tangawizi iliyopondwa au punje chache za iliki hubadilisha ndoo nzima. Tia kidogo. Kiungo kikizidi, mnywaji husikia dawa.

Wapo wanaouliza kuhusu uchungu wa bia. Bia ya kiwandani huupata kwenye maua ya hopsi, mmea utambaao wa nchi za baridi. Wachaga hutia gome la msesewe kwenye mbege yao, lakini gome hilo lina nguvu ya dawa na si la kujaribiwa na asiyelijua. Kwa togwa, hopsi hazina nafasi. Licha ya uchungu, huwazuia bakteria wa maziwa, na hao ndio hasa wanaotakiwa kwenye ndoo ya togwa.

Mtoto na siku ya tatu

Faida kubwa ya kimea huenda isiwe shambani, bali kwenye bakuli la mtoto. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi humjaza maji, na uji mzito unamshinda kumeza. Ukitia kijiko cha kimea kwenye uji mzito wa moto usiochemka, unalegea na chakula chote kimo ndani yake. Miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliitangaza njia hii kwa akina mama kwa sababu hiyohiyo. Ukishalegea, uchemshe tena kabla ya kumlisha. Mtoto asiyetimiza miezi sita hahitaji uji wala togwa; maziwa ya mama yanamtosha.

Siku nazo zina hesabu yake. Togwa ya siku moja ni kinywaji cha nyumba nzima. Ya siku ya pili huwa kali zaidi, na hamira zimeanza kazi. Ya siku ya tatu kwenye joto la bondeni imekwisha kuanza safari ya kuwa pombe, hata kama haijaitwa hivyo. Hiyo isipewe mtoto, mjamzito wala mgonjwa anayetumia dawa. Nyumba yenye watoto na iandike siku kwenye mfuniko wa ndoo kwa kipande cha mkaa.

Ulezi kilo mbili, kitambaa safi, jua la siku mbili na blanketi kuukuu: hivyo karibu kila nyumba ya Chita inaweza kuvipata. Msimu ujao, kabla ya kupanga bei ya sukari kwenye hesabu ya wavunaji, loweka ulezi kwanza. Ndoo ikirudi tupu na wavunaji wakiuliza kesho itakuwepo tena, hapo utajua kimea chako kimeshika.