Kwa Nini Maziwa Humfaa Huyu na Kumsumbua Yule

Katika mji wa Isinya, ulioko kati ya Kitengela na Kajiado kando ya barabara iendayo Namanga, hukutana watu wa asili nyingi. Wamasai wa Kaputiei wamelisha mifugo katika uwanda huo tangu zamani. Siku hizi wako pia wakulima, makarani na wafanya biashara waliotoka pande nyingine za Kenya. Mgeni akaribishwapo bomani hupewa maziwa, na akiyakataa aweza kudhaniwa ana dharau. Lakini wako wageni ambao, wakisha kunywa kikombe kimoja, tumbo huunguruma, huvimba, na mwisho huwaendesha. Mwenyeji aliyekunywa maziwa yale yale hapatwi na lolote. Basi mgeni hushuku kwamba ametiliwa kitu. Kumbe sababu imo katika utumbo wake mwenyewe.

Aliyepata kuchinja mbuzi amekwisha kuviona viungo vinavyohusika. Mbuzi na ng'ombe, kwa kuwa hula majani na kucheua, wana tumbo lenye sehemu nne. Tumbo la mwanadamu ni moja tu. Chakula kikisha kutafunwa na kulainishwa kwa mate hushuka katika umio, ambao ni mrija wa sentimita 25 hivi, mpaka tumboni. Humo husukwasukwa pamoja na asidi kali iuayo vijidudu vingi. Kisha huingia katika utumbo mwembamba, wenye urefu upatao mita 6. Huko nyongo itokayo kwenye ini, pamoja na maji ya kongosho, husaidia kukivunja kiwe chembe ndogo mno ziwezazo kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Mabaki huenda katika utumbo mpana, ambao hunyonya maji yaliyosalia.

Maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi. Sukari hiyo haipenyi mpaka ikatwe vipande viwili na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachotengenezwa katika ukuta wa utumbo mwembamba. Watoto wachanga huwa nacho tele, lakini kwa watu wengi duniani hupungua sana baada ya kuachishwa ziwa. Hapo laktosi hufika katika utumbo mpana ikiwa nzima; huvuta maji, na vijidudu viishivyo humo huila na kutoa hewa. Ndipo tumbo linapovimba na kuendesha.

Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Waliona kwamba wengi katika jamii za wafugaji wamerithi badiliko dogo linalofanya laktasi iendelee kutengenezwa hata utu uzimani. Badiliko hilo silo lile la watu wa Ulaya. Lilizuka lenyewe huku Afrika, baada ya watu kuanza kufuga ng'ombe.

Je, mgeni asiye na urithi huo afanyeje? Anywe kidogo kidogo, pamoja na chakula, au achague maziwa yaliyoganda. Wamasai huyagandisha katika kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, yaani mzeituni wa mwitu. Maziwa yanapoganda, sehemu ya laktosi hugeuzwa kuwa asidi, na mzigo wa utumbo hupungua.

Lakini kuna hatari isiyochagua kabila. Maziwa yasiyochemshwa yaweza kuleta homa ya brusela na kifua kikuu, wala kuganda peke yake si kinga ya kutegemewa. Yafaa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe. Na mtoto mchanga anyonyaye akiharisha, asinyimwe ziwa la mama. Aendelee kunyonya, na apelekwe zahanati mapema, maana upungufu wa maji mwilini huua upesi.

Basi mwenyeji asimhesabu mgeni wake kuwa mwenye kiburi, wala mgeni asimshuku mwenyeji. Bakuli la maziwa yaliyochemshwa na kugandishwa laweza kuwapatanisha wote wawili.